Joshua Leavitt, Mchungaji na Mhariri wa Magazeti ya Dini (1794–1873)

Watu waandikao habari za kukomeshwa kwa utumwa katika Marekani huwataja kwanza wasemaji na wanasiasa: William Lloyd Garrison, Frederick Douglass, John Quincy Adams, na mwishowe Abraham Lincoln. Jina la Joshua Leavitt hutajwa kwa nadra, na aghalabu hutajwa katikati ya orodha ya majina ya wengine. Hata hivyo mtu huyu aliketi mezani pa mhariri kwa miaka arobaini na zaidi, na mengi katika yale yaliyosemwa na wakubwa hao wa zama zake yalipita mikononi mwake kabla ya kuwafikia wasomaji. Insha hii yakusudia kueleza maisha yake, na hasa jambo moja katika maisha hayo: kazi yake kubwa ilikuwa kuyapokea maneno ya watu wengine na kuyafikisha mahali yalipotakiwa kufika, na mara kwa mara kazi hiyo ilimlazimisha kuamua ni maneno gani ayachapishe ingawa yatamfilisi, na ni yapi ayanyamazie apate kuishi. Mimi nimevutwa kwake kwa sababu ya kazi yangu ya isimu, maana katika kisa kimoja alichohusika nacho uhuru wa watu kadhaa ulitegemea kujulikana kwa lugha yao.

Leavitt alizaliwa tarehe 8 Septemba, 1794, katika kijiji cha Heath, magharibi ya Massachusetts, katika ukoo wa wakulima wenye ardhi ambao babu yao alikuwa mchungaji. Alihitimu katika chuo cha Yale mwaka 1814, akafundisha shule, kisha akasoma sheria, na mwaka 1819 akakubaliwa kuwa wakili. Uwakili haukumkalia vema moyoni. Alirudi Yale kusoma elimu ya dini, na mwaka 1825 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa ushirika wa Stratford, katika Connecticut. Lakini tabia ya wakili haikumtoka. Ukisoma hoja zake za baadaye utaona mtu anayependa hati, tarehe, hesabu za fedha na vifungu vya sheria kuliko apendavyo maneno ya kuliza watu.

Yafaa hapa nieleze kidogo juu ya madhehebu yake, maana bila ya hayo mwenendo wake hautafahamika. Wakongregeshoni ni Wakristo waliotokana na Wapuritani wa Uingereza. Kwao kila ushirika hujitawala wenyewe: hauna askofu juu yake, na waumini ndio wamchaguao mchungaji wao na ndio wenye uwezo wa kumwondoa. Katika New England, ambako ndiko kulikokuwa kitovu chao, mchungaji alikuwa mtu mwenye elimu na heshima, lakini riziki yake ilikuwa mikononi mwa wale wale aliowahubiria. Akisema neno wasilolipenda, alijua mapema nani atakayejibu. Mhariri wa gazeti la dini alikuwa katika hali hiyo hiyo, ila ushirika wake ulitawanyika katika majimbo mengi, na kila msomaji aliyekasirika aliweza kumwondoa kwa kuacha kulipa ada yake ya mwaka.

Leavitt alikaa Stratford miaka mitatu tu. Mwaka 1828 alihamia New York kuwa katibu wa Chama cha Marafiki wa Mabaharia, na humo ndimo alimoanza uhariri, kwa kuliongoza jarida la chama hicho. Chama hicho kilishughulika na ibada za mabaharia na hali yao ya maisha bandarini, na kazi yake ilimtia Leavitt mazoea ya kuufikiria ulimwengu kwa njia ya gati na shehena. Alishiriki pia katika kampeni za kupinga ulevi. Mambo hayo yote yalikuwa ya kawaida kwa mchungaji wa zama zile, na kama angeishia hapo tusingekuwa na sababu ya kumkumbuka.

Mwaka 1831 alishika uhariri wa gazeti la New York lililoitwa Evangelist. Gazeti hilo lilianzishwa ili kuunga mkono uamsho wa dini uliokuwa ukienea wakati ule, na mhubiri mkuu wa uamsho huo alikuwa Charles Finney, wakili mwingine aliyegeuka mchungaji. Wakati huo huo Leavitt alitoa kitabu cha nyimbo kilichoitwa The Christian Lyre. Kitabu hicho kilikuwa kidogo, cha kutia mfukoni, na ndani yake maneno ya wimbo na mahadhi yake yaliwekwa pamoja, ukurasa ukitazamana na mwenzake. Katika desturi ya wakati ule waumini walikuwa na kitabu cha maneno peke yake, na mahadhi yaliachiwa kwaya na walimu wake. Leavitt hakujali kuwa mengi ya mahadhi aliyoyatumia yalitoka katika nyimbo za dunia, zile walizoziimba watu majumbani na njiani. Wanamuziki wa kanisa walichukizwa sana. Thomas Hastings na Lowell Mason, walioheshimiwa kuliko wote katika fani hiyo, walitoa kitabu chao cha kushindana nacho, wakidai kuwa mahadhi duni huiteremsha ibada. Kwa upande wa elimu ya muziki huenda walisema kweli. Lakini wasomaji wa utenzi wetu wanafahamu jambo walilolijua washairi wa pwani zamani: utungo ukiwa na mahadhi ambayo watu wanayo tayari masikioni, husafiri bila ya mbebaji. Kitabu cha Leavitt kilichapwa tena na tena.

Jambo la utumwa lilimfika mapema. Mwanzoni, kama wachungaji wengi wa kaskazini, aliweka tumaini katika mpango wa kuwapeleka watu weusi walioachwa huru Liberia, kisha akauacha, akaona kuwa mpango huo humtuliza mwenye mtumwa bila ya kumfungua mtumwa. Katika Oktoba 1833 jina lake lilikuwa miongoni mwa majina matano yaliyotangaza mkutano wa kuanzisha chama cha kupinga utumwa katika mji wa New York. Umati wa watu wenye ghadhabu ulikwenda kuuvunja mkutano huo. Wenyewe walikuwa wamehamia mahali pengine kimya kimya, wakapitisha katiba yao na kutokea mlango wa nyuma. Desemba mwaka huo huo Chama cha Marekani cha Kupinga Utumwa kiliundwa Philadelphia, na Leavitt akawa katika halmashauri yake. Julai 1834 palizuka ghasia kubwa New York. Nyumba ya mfanyabiashara Lewis Tappan, mwenzake Leavitt, ilivunjwa na vyombo vyake vikachomwa moto barabarani.

Katika mwaka huo wa ghasia gazeti lake lilikaribia kufa. Finney, ambaye afya yake ilikuwa imeharibika, alisafiri kwa merikebu kwenda bahari ya Mediterania, na kabla ya kuondoka alimwonya Leavitt asilitie jambo la utumwa katika gazeti kwa haraka kupita kiasi. Leavitt hakuweza kujizuia. Finney alisimulia uzeeni kwamba aliporudi Leavitt alimjia akamwambia kuwa amekwisha liharibu gazeti: wasomaji walikuwa wakijitoa kwa kiasi cha sitini kila siku. Akamsihi amwandikie kitu cha kuwarudisha. Finney akajitolea kutoa mfululizo wa mihadhara juu ya uamsho wa dini, na Leavitt aandike habari zake.

Katika majira ya baridi ya 1834 na 1835 Leavitt alihudhuria mihadhara hiyo kila juma. Hakujua hati mkato. Alikuwa na namna yake mwenyewe ya kufupisha maneno, ambayo yeye tu aliweza kuisoma, na siku ya pili aliketi akayajaza yale aliyoyaruka, akapeleka kwa wachapaji. Finney mwenyewe alikuwa akisema kutoka katika muhtasari mfupi tu. Hakuwa ameandika hotuba nzima. Basi kitabu kilichotoka mwaka 1835 kwa jina la Finney, ambacho nakala zake 12,000 ziliuzwa kwa kasi ile ile ya kuchapwa, kisha kikatafsiriwa kwa Kiwelsh na kwa Kifaransa, na ambacho hata sasa husomwa na watu wa dini, ni Kiingereza cha nani? Fikra ni za Finney. Sentensi, kwa kiasi kikubwa, ni za Leavitt. Wanaochunguza mtindo wa Finney kwa kutegemea kitabu hicho wangefaa kulikumbuka jambo hili, na wale wanaohariri masimulizi ya wazee wetu yaliyonaswa kwa mkono na makarani wa zamani wanaweza kulipima pia. Vyovyote iwavyo wasomaji walirudi, na Leavitt hakuondoa habari za utumwa katika kurasa zake. Alipata kwa uamsho fedha za kulipia ukombozi. Jambo lililomtoa katika Evangelist lilikuwa jingine: anguko la biashara la mwaka 1837, ambalo lilimlazimisha kuuza gazeti.

Mwaka huo huo alikabidhiwa Emancipator, gazeti la Chama cha Kupinga Utumwa. Alikuwa nalo miaka miwili wakati ilipofika habari ya merikebu Amistad.

Kisa hiki ni maarufu, lakini nitakieleza kwa upande ule unaohusu lugha. Mwishoni mwa Juni 1839 merikebu hiyo ya milingoti miwili iliondoka Havana, katika kisiwa cha Kuba, ikiwa na Waafrika 53, wakubwa na watoto wanne, ambao Wahispania wawili, Ruiz na Montes, walidai kuwa watumwa wao. Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai watu hao, wakiongozwa na kijana aitwaye Sengbe Pieh, waliinuka wakamwua nahodha na kuitwaa merikebu. Waliwaamuru Wahispania waiendeshe kuelekea mashariki, linakotoka jua. Mchana Wahispania walitii. Usiku waligeuza usukani kuelekea kaskazini. Tarehe 26 Agosti manowari ya Marekani iliwakamata karibu na kisiwa cha Long Island, na Waafrika wakatiwa gerezani katika Connecticut. Tarehe 4 Septemba watu watatu waliunda kamati ya kuwatetea na kuchangisha fedha: Lewis Tappan, Simeon Jocelyn na Joshua Leavitt. Gazeti la Leavitt likawa mdomo wa kamati hiyo.

Sasa shina la kesi lilikuwa hili. Kwa mkataba na Uingereza wa mwaka 1817, Uhispania ilikuwa imekataza kuingizwa watumwa kutoka Afrika katika makoloni yake, na katazo hilo lilianza kushika mwaka 1820. Mtu aliyeletwa baada ya hapo alikuwa ametekwa kinyume cha sheria ya Uhispania yenyewe. Ili kulikwepa katazo hilo, wafanya biashara wa Havana waliwapatia mateka wao hati zenye majina ya Kihispania, zikiwaita watumwa wa zamani wa Kuba, wanaoijua nchi na lugha yake. Hati hizo zilikuwa na mihuri ya serikali. Dhidi ya karatasi na mihuri, kamati ilikuwa na ushahidi mmoja ulio dhahiri: watu hawa hawakujua Kihispania. Wasichana watatu wadogo waliokuwamo, ambao kwa umri wao wasingaliweza kuzaliwa kabla ya 1820, wangalikuwa wazaliwa wa Kuba kama hati zingalikuwa kweli, na mtoto mzaliwa wa Kuba angeisema lugha ya Kuba. Lakini kuthibitisha kuwa mtu hajui lugha moja hakutoshi. Ilipasa waseme lugha yao wenyewe, na aweko wa kuisikia.

Hapakuwa na aliyeijua. Alipatikana mtu mmoja aliyeweza kuzungumza na wachache wao kwa lugha ya jirani, basi. Ndipo Josiah Gibbs, profesa wa lugha za Maandiko katika Yale, alipokwenda gerezani akawaonyesha mateka kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka kumi, na kuandika neno walilolitamka kwa kila hesabu. Akayahifadhi maneno hayo kumi kwa moyo, akaenda New York kwenye gati, akawa akitembea kati ya mabaharia weusi na kuhesabu kwa sauti moja hadi kumi, akingoja kuona ni nani atakayegeuka. Aligeuka James Covey, kijana apataye miaka ishirini, baharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo Buzzard. Yeye mwenyewe alikuwa ameuzwa utotoni, akaokolewa baharini na Waingereza na kusomeshwa Sierra Leone. Lugha aliyoisikia ilikuwa Kimende, lugha ya kwao.

Wanafunzi huniuliza mara nyingi isimu yafaa nini nje ya darasa. Huwapa kisa hiki, kisha huwataka waziangalie namba zenyewe, kwani katika Kimende mbili ni fele, tatu ni sawa, na nne ni nani. Darasa hucheka, na wako wanaotaka papo hapo kujenga udugu kati ya Kimende na Kiswahili. Udugu huo haupo. Kimende ni cha jamii ya Kimande, mbali kabisa na Kibantu, na neno sawa lenyewe sisi tulilipata kutoka Kiarabu. Kufanana kwa maneno mawili matatu ni jambo la bahati, na mtu aliyemtafuta mwenye lugha kwa kufuata mfano wa sauti tu angempata asiyestahili. Gibbs alikuwa na maneno kumi yaliyopangwa kwa taratibu moja, na hiyo ndiyo tofauti kati ya bahati na ushahidi. Mwaka 1840 alichapisha orodha za maneno ya Kimende na ya lugha jirani zake, moja katika kazi za mwanzo za namna hiyo.

Kwa kupatikana Covey mateka walipata kusimulia kwa vinywa vyao: namna walivyonaswa katika nchi ya Wamende, walivyofungwa katika ngome ya Lomboko pwani ya Afrika ya Magharibi, na walivyovushwa bahari. Masimulizi hayo yaliingia mahakamani, na yaliingia katika magazeti. Januari 1840 hakimu wa Connecticut aliamua kuwa walizaliwa huru na walitekwa kinyume cha sheria. Serikali ya Rais Martin Van Buren, iliyotaka kuiridhisha Uhispania na kutowaudhi wapigakura wa kusini, ilikuwa imekwisha ipeleka manowari bandarini iwachukue mateka mara tu hukumu itakapokuwa upande wa Wahispania, kabla mawakili wao hawajawahi kukata rufani. Manowari ikarudi mikono mitupu. Serikali ndiyo iliyokata rufani; John Quincy Adams, rais wa zamani, mzee wa miaka 73, akasimama mbele ya Mahakama Kuu kuwatetea pamoja na Roger Baldwin, na tarehe 9 Machi, 1841, Mahakama ikawaachia huru. Waliobaki hai 35 walipakiwa merikebuni mwishoni mwa mwaka huo kurudi Afrika. Msomaji aliweke akilini jina la Van Buren, maana tutakutana nalo tena.

Katika miaka hiyo wapinga utumwa wenyewe waligawanyika. Garrison na wenzake walipinga kuingia katika siasa za uchaguzi, na walitaka wanawake washike madaraka katika chama sawa na wanaume. Tappan na Leavitt walikuwa upande wa pili. Mwaka 1840, kabla ya mkutano mkuu ambao ungeamua jambo hilo kwa kura, halmashauri ya New York ililihamisha gazeti la Emancipator kutoka katika miliki ya chama na kulipa chama kidogo cha mji, ambacho kilikuwa upande wao. Wafuasi wa Garrison waliuita huo wizi. Wanaomtetea Leavitt husema chama kilikuwa na deni na halmashauri ilikuwa na haki ya kisheria. Kwa maoni yangu huyo ni wakili Leavitt akizungumza, si mchungaji: hati zilikuwa sawa, lakini kitendo hakikuwa safi. Na juu ya suala la wanawake Garrison ndiye aliyekuwa katika haki.

Hata hivyo tusiidharau hoja yake ya kisiasa. Katika miaka ya 1840 na 1841 alitoa makala mashuhuri juu ya nguvu ya utumwa katika fedha. Alidai kuwa utumwa si dhambi ya watu wa kusini pekee wanayoihurumia watu wa kaskazini kwa mbali. Mitaji ya kaskazini ilikopeshwa kusini juu ya dhamana ya pamba na ya watumwa, ikapotea, na anguko la 1837 lililomfilisi fundi wa Massachusetts lilikuwa na mizizi yake katika mashamba ya pamba. Sisi wa upande huu wa bahari tuna neno linalotuonyesha hesabu hiyo ilifika wapi. Kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa Unguja na merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833, tulikiita amerikani, na jina hilo lingali katika kamusi zetu. Kilifumwa katika viwanda vya New England kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini, na kikabadilishwa na pembe za ndovu zilizofika pwani mara nyingi mabegani mwa watumwa. Leavitt hakuandika juu ya Unguja. Lakini mvaaji wa shuka ile, bila ya kujua, alikuwa ndani ya daftari aliyokuwa akiipiga hesabu.

Kwa hoja za namna hiyo alisaidia kujenga Chama cha Uhuru, chama cha kwanza cha siasa nchini humo kilichosimama juu ya jambo la utumwa. Mgombea wake, James Birney, alipata kura zipatazo 7,000 tu mwaka 1840, na 62,000 mwaka 1844. Leavitt alikuwa mwenyekiti wa halmashauri yake ya taifa. Wakati wa vikao vya Bunge alikaa Washington kama mwandishi wa habari, katika nyumba ya kupangisha ya bibi mmoja ambamo wabunge wapinga utumwa walilala na kula pamoja. Bunge lilikuwa na kanuni, iliyoanza mwaka 1836, iliyokataza maombi ya raia juu ya utumwa yasisomwe wala kujadiliwa. Adams aliishambulia miaka mingi. Mwanzoni mwa 1842 maadui zake walijaribu kumtia hatiani mbele ya Bunge lote, na ni Leavitt pamoja na Theodore Weld waliomwendea mzee huyo na kumtolea msaada. Weld akawa akimchambulia vitabu na kumbukumbu alizozihitaji kila siku. Mashtaka yalianguka. Tarehe 3 Desemba, 1844, kanuni yenyewe ikafutwa.

Ndipo tufikapo Agosti 1848, katika mji wa Buffalo. Umati wa watu kutoka vyama mbalimbali walikusanyika kuunda chama kipya cha kuzuia utumwa usienee katika nchi mpya za magharibi. Chama cha Uhuru kilikuwa na mgombea wake tayari, John P. Hale. Mkutano ulimchagua mwingine: Martin Van Buren, yule yule aliyepeleka manowari kuwachukua watu wa Amistad. Aliyepanda jukwaani kuomba uchaguzi huo ukubaliwe kwa kauli moja alikuwa Joshua Leavitt. Alisema kwamba Chama cha Uhuru hakikufa, bali kimehamishwa. Wasikilizaji waliokuwa wakilia, walikuwapo. Wao walijua Maandiko, na walifahamu kuwa alikuwa akitumia neno lililotumika kwa Henoko, aliyeondolewa duniani pasipo kuonja mauti. Katika Kiingereza neno hilo lina maana ya pili, iliyo ya kawaida zaidi: kutafsiriwa, kutolewa katika lugha moja na kutiwa katika nyingine. Sidhani kuwa mhariri wa namna yake alilisema bila ya kuzisikia maana zote mbili.

Je, alifanya vema? Wako waliosema alikiuza chama chake. Tafsiri hupoteza kitu siku zote, na kilichopotea Buffalo kilikuwa kikubwa: chama kipya kilisema juu ya ardhi iliyo huru, na hakikusema utumwa ukomeshwe pale ulipokuwapo, wala hakikutaja haki za mtu mweusi kama kilivyofanya chama cha zamani. Lakini Van Buren alipata kura zaidi ya 290,000, na katika njia hiyo hiyo, miaka sita baadaye, kilizaliwa chama kilichomweka Lincoln madarakani. Leavitt, aliyewahi kuwapoteza wasomaji sitini kwa siku kwa ajili ya kusema yote, safari hii alichagua kusema nusu ili asikiwe na wengi. Mimi naona alikuwa na haki, ingawa ningalipenda neno moja la uchungu juu ya manowari ile likutwe katika hotuba yake.

Mwisho wa mwaka 1848, hali yake ya fedha ikiwa dhaifu na umri wake miaka 54, aliingia katika gazeti jipya la Wakongregeshoni lililoanzishwa New York, Independent. Wahariri waliotajwa kwa jina walikuwa wachungaji mashuhuri watatu, Leonard Bacon, Joseph Thompson na Richard Storrs. Kazi ya kila siku ya kulitayarisha gazeti ilikuwa ya Leavitt. Sheria ya mwaka 1850 ilipowalazimisha raia wa kaskazini kusaidia kuwarudisha watumwa waliotoroka, Independent ililaani waziwazi, na wasomaji wengine wakajitoa, jambo ambalo kwake halikuwa geni. Wakubwa walibadilika juu yake. Henry Ward Beecher alishika uhariri mwaka 1861, kisha Theodore Tilton. Leavitt alibaki katika kiti chake. Baada ya vita alirudia jambo jingine alilolipenda tangu ziara yake ya London ya mwaka 1843, yaani biashara isiyozuiwa na ushuru, na insha yake juu ya jambo hilo ikapewa medali ya dhahabu na Klabu ya Cobden ya Uingereza.

Alifariki Brooklyn tarehe 16 Januari, 1873, akiwa na umri wa miaka 78 na akiwa bado katika orodha ya wafanyakazi wa gazeti, baada ya miaka ishirini na minne. Independent iliendelea kutoka hadi mwaka 1928, ilipounganishwa na jarida jingine. Mihadhara ya Finney ingali ikichapwa kwa jina la Finney.